Chui wa Ghorofa ya Nne

Hoteli huuza vitu viwili, usingizi na sura. Usingizi ni biashara ya zamani, na hata gesti ya karibu na stendi, yenye kitanda cha futi nne na ndoo ya maji mlangoni, yaweza kumpa mtu usingizi mzuri endapo mwenye nyumba ni mtu mwenye haya. Sura ni biashara ya baadaye. Huhitaji taa zilizofichwa darini, kioo mahali pasipotarajiwa, harufu fulani pale mapokezini, na picha ukutani. Nimeona vema niandike juu ya hoteli moja ya sura niliyolala siku tatu jijini Dar es Salaam, kwa kuwa waandishi wetu huhakiki vitabu na tamthilia, na mara chache muziki, lakini nyumba hizi ambazo watu hulipa fedha nyingi ili waonekane wamo ndani yake hakuna anayezihakiki. Jina la hoteli sitalitaja. Waliomo walinitendea wema, na kasoro nitakayoieleza si yao peke yao.

Kwanza mahali penyewe. Kila kizazi cha Dar es Salaam kina mtaa wake wa usiku. Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1970 tulizijua Kariakoo, Ilala na Magomeni, tukisikia habari za bendi za mashirika: NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na baadaye kidogo Mlimani Park ya mwaka 1978. Waliotufuata walikwenda Kinondoni, katika kumbi kama Mango Garden, kucheza Twanga Pepeta ya African Stars. Siku hizi usiku wa wenye fedha umehamia rasi ya Msasani, kuanzia Oysterbay hadi Masaki, mitaa ambayo wakati wa Waingereza ilikuwa makazi ya Wazungu na bustani zao, na Mwafrika aliyeonekana huko baada ya jua kuzama ilimpasa awe mpishi, mlinzi au mtunza bustani.

Zamani hoteli kubwa na mtaa wa usiku vilikaa mbalimbali. Hoteli ya Kilimanjaro ilipofunguliwa mwaka 1965 ilijengwa ikitazama bandari, na mgeni aliyetaka dansi la watu alitoka akaenda Uswahilini. Leo hoteli hupandwa katikati ya kelele zenyewe, na mtaa wa usiku ndio unaotangazwa kuwa sehemu ya huduma. Hiyo si kawaida ya kwetu tu. Miji ya Japani iliifanya kwa ukubwa zaidi, na nitakuja kuigusa mbele kidogo.

Waliolipia chumba changu ni wanafunzi wangu watatu wa zamani, ambao sasa ni watu wa biashara mjini. Walisikia kuwa nakuja kutibiwa macho, wakakataa katakata nisilale kwa ndugu. Nilifuatana na mjukuu wangu wa kiume, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Bei ya usiku mmoja, kama nilivyokuja kuisikia kwa siri kutoka kwa kijana wa mapokezi, ingetosha kununua magunia mawili ya mahindi Nakapanya katika mwaka wa mavuno ya wastani. Kwa hiyo msomaji atanisamehe nikikagua kwa jicho la mwalimu mkuu anayekagua bweni.

Usafi: wa hali ya juu. Maji: mengi na ya moto, hata saa kumi alfajiri. Shuka zilikuwa nyeupe na zimenyoshwa. Chakula cha asubuhi kilikuwa kingi kupita uwezo wa mtu mzima yeyote kukimaliza, ingawa chapati zilikuwa ngumu na uji ulikuwa wa sukari zaidi kuliko wa ulezi. Wahudumu walinisalimu shikamoo kabla hawajaniita sa, nalo ni jambo ambalo hoteli nyingi za aina hii zimekwisha kuwakataza vijana wao. Hapo naipa alama nzuri.

Bafu ndilo lililotushinda. Mchoraji wa jengo ameona ni maendeleo kuligawa bafu na chumba cha kulala kwa ukuta wa kioo kitupu, kisicho na pazia, mtu akaoga kama samaki wa maonyesho. Mjukuu wangu alisimama akaangalia kile kioo, akaniangalia mimi, akasema, "Babu, mimi nitakuwa ukumbini mpaka uniite." Siku zote tatu tulioga kwa zamu, mmoja akiwa nje ya chumba. Najua kuwa kioo kile kimewekwa kwa ajili ya aina nyingine ya wageni. Lakini jengo linalodhani kwamba watu wawili wanaolala chumba kimoja lazima wawe wapenzi limesahau kuwa katika nchi hii mtu husafiri na mama yake, na mjukuu, na shangazi mgonjwa. Pazia la mita mbili lingemaliza yote.

Halafu kelele. Ilikuwa Ijumaa. Juu ya paa kulikuwa na baa, ng'ambo ya barabara kulikuwa na baa nyingine, na baina yao palikuwa na mashindano ya spika ambayo dirisha la vioo viwili halikuweza kuyazuia. Besi haiingii kwa sikio, huingia kwa kitanda. Saa nane usiku nilipiga simu mapokezini, na binti mmoja akanijibu kwa upole, "Pole sana baba, Ijumaa ndivyo ilivyo." Kisha akanielekeza kufungua droo. Ndani yake mlikuwa na kikasha kidogo kizuri, na ndani ya kikasha vizibo viwili vya masikio.

Wenzangu wa rika langu wangetaka hapa nianze kulaani vijana na usiku wao. Sitafanya hivyo. Mtu hendi kwenye harusi akalalamikia ngoma. Baa zile zinaajiri watu, na wapiga muziki wanapaswa kula. Ninachohoji ni ujanja wa mwenye hoteli, ambaye kwa mkono mmoja anauza usiku na kwa mkono wa pili anauza kinga ya kuuzuia, na vyote viwili vimo katika bili moja.

Basi nikiwa sina usingizi, na mjukuu amelala fofofo kama walalavyo watoto, nilitoka nikatembea ukumbini. Hapo ndipo nilipomwona chui.

Alikuwa ukutani mkabala na lifti, ghorofa ya nne, mkubwa kuliko mtu, ameinua mguu mmoja, mkia umepinda juu ya mgongo, macho mawili ya mviringo yakimtazama mtazamaji ingawa kichwa kimegeuka upande. Madoa yake yalikuwa yamepangwa kama shanga. Nyuma yake palikuwa na rangi moja tu, ya manjano iliyokoza, bila mti wala mlima. Nilipokaribia niliona kwamba hakuchorwa pale. Alikuwa amechapwa kwa mashine katika karatasi ya plastiki na kubandikwa kama wanavyobandika matangazo ya simu. Chini yake palikuwa na kibao kidogo cha shaba, kimeandikwa kwa Kiingereza maneno mawili yenye maana ya "msanii wa hapa".

Asubuhi nilimwuliza kijana aliyekuwa akifuta kile kibao. "Mwanangu, huyu chui kachorwa na nani?"

"Ni tingatinga, mzee."

"Tingatinga ni nani?"

Akafikiri. "Si mtu, mzee. Ni aina ya michoro." Kisha, akiona sijaridhika, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba labda lilitokana na lile tingatinga la kulimia, kwa kuwa rangi zake ni kali.

Sasa yafaa nieleze kwa nini jibu lile lilinikaa kifuani kuliko besi ya usiku kucha. Mimi ninaishi Nakapanya. Ukitoka Masasi kwenda Tunduru, ukaiacha Mangaka nyuma, utatupita njiani, kwenye lami ambayo sehemu ya fedha zake, tukikumbuka vema, ilikuwa mkopo wa Japani. Nyuma yetu ni mikorosho, na kusini kabisa ni mto Ruvuma na Msumbiji. Mkoa wetu makao yake ni Songea, lakini Songea iko mbali, na tunapoulizwa sifa ya kijiji chetu hatuna nyingi za kutaja. Tunayo moja. Mwaka 1932, mahali palipoitwa Namochelia, ambapo leo ndipo Nakapanya, alizaliwa mtoto wa baba Mngindo aliye Mwislamu na mama Mmakua aliye Mkristo, na ndiyo maana akabeba majina ya pande zote mbili: Edward Saidi Tingatinga.

Alisoma miaka minne tu. Mwaka 1957 aliondoka kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini, akaenda Tanga kukata mkonge. Mwaka 1959 akafika Dar es Salaam, akafanya kazi za bustani na za nyumbani kwa Wazungu. Na mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akachukua vipande vya hadibodi, zile mbao laini za kupigilia darini, akavikata mraba wa futi mbili kwa mbili hivi, akanunua rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli, akaanza kuchora wanyama. Picha zake aliziuza nje ya Morogoro Stores, palepale Oysterbay. Kutoka kwenye ile hoteli mpaka hapo ni safari fupi ya bajaji.

Alichora kwa miaka minne peke yake. Mwaka 1972, akiwa ndani ya gari na wenzake, polisi walidhani kuwa lile ni gari la majambazi, wakapiga risasi, naye akafa. Mwaka huo mimi nilikuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu huku kusini, na tulifundishwa sanaa za mikono kwa bidii sana, kufinyanga, kusuka, kuchora kwa penseli gudulia lililowekwa mezani. Habari za mtu wetu hazikutufikia. Nilikuja kumjua baada ya miaka kadhaa, kutoka kwa mzee mmoja aliyetaja ukoo wake kwa kupita tu, kama mtu anavyotaja kisima cha zamani.

Nataka niseme jambo juu ya picha zenyewe, kwa sababu wengi huzisifu bila kuzitazama. Tingatinga wa mwanzo alikuwa mchoyo wa vitu. Mnyama mmoja, au ndege mmoja na jani, na nyuma yake uwanja wa rangi moja. Hakuna upeo wa macho, hakuna kivuli. Mnyama hakusimama porini. Alisimama ndani ya rangi, kama neno lililoandikwa ubaoni. Na yule mnyama daima anakujua upo. Mtu aliyekulia Tunduru, ambako simba na tembo si wa hadithi, hawezi kumchora chui kama mtalii amwonavyo kupitia dirisha la gari. Humchora kama alivyomwona mara moja njiani alfajiri, ambapo mti haukuonekana, wala kilima, bali macho tu na madoa.

Baada yake walikuja wanafunzi wake: Januari Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, na Simon Mpata ambaye alikuwa pia ndugu yake. Wao na waliowafuata waliuendeleza mkono ule, wakaunda ushirika, ambao tangu mwaka 1990 umekuwa chama kamili cha ushirika chenye karakana palepale Oysterbay. Mtindo ulijaa. Mnyama mmoja akawa kumi, akaongezwa mlima Kilimanjaro, Mmasai, mbuyu, jua linalozama. Katika hoteli yetu, ghorofa ya kwanza hadi ya tatu ilikuwa na picha za namna hiyo, zimejazana kama basi la mwisho wa mwezi, na sioni haya kusema kwamba nyingi zilikuwa mbaya. Zilichorwa na mkono uliochoka, kwa jicho linalotazama mfuko wa mnunuzi. Chui wa ghorofa ya nne tu ndiye aliyekuwa na ule uchoyo wa zamani. Aliyemchagua, yeyote yule, alikuwa na jicho. Ndiyo maana kibao kile kiliniudhi zaidi, kwa sababu aliyekiandika hakuwa mtu asiyejua kuchagua.

Nimekwisha kuzisikia hoja za upande wa pili, maana nilizijadili meza moja na wale wanafunzi wangu waliokuja kunitazama Jumamosi jioni. Mmoja wao, anayefanya biashara ya vifaa vya ujenzi, aliniambia, "Mwalimu, mtindo ni wa wote. Hata Tingatinga hakuuanza toka hewani. Wamakua walikuwa wakichora kuta za nyumba zao." Ni kweli, na mwanafunzi wangu huyo alikuwa msomaji tangu shuleni. Mjerumani Karl Weule alipopita nchi za Masasi na Newala mwaka 1906 aliwakuta watu wa kusini wanachora, akakusanya michoro yao. Wataalamu wamebishana sana kama Tingatinga alizibeba zile kuta kichwani au la, nami sidhani kwamba ubishi huo utakwisha. Akaongeza mwenzake kwamba mamia ya vijana wanakula kwa kunakili mkono ule, na kwamba kama kila anayemchora chui angedaiwa ruhusa, wangekufa njaa.

Yote hayo nayakubali. Kunakili si kosa. Ualimu wote ni kunakili. Mwanafunzi hunakili herufi ya mwalimu mpaka siku moja herufi inakuwa yake. Tingatinga mwenyewe aliwakalisha vijana pembeni yake wanakili. Lakini angalia walichofanya: waliuita mkono ule kwa jina lake. Waliandika majina yao kwenye kona ya picha, na jina lake wakaliweka kwenye mlango wa karakana. Huo ndio utaratibu wa chuo. Hoteli imefuta yote mawili. Imelifuta jina la kwenye kona, maana chui yule wa plastiki hana kona, na jina la mlangoni imeligeuza kuwa nomino ya kawaida, ya herufi ndogo, kama kitenge au kikoi.

Sheria haisaidii sana hapa. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tunayo COSOTA iliyoundwa kwa sheria hiyo. Lakini sheria hulinda kazi, hailindi mtindo. Na kama ilivyotungwa, humlinda mtungaji maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kufa kwake. Fanya hesabu, ndugu msomaji. Elfu moja mia tisa sabini na mbili ongeza hamsini. Kwa hiyo hata kama chui yule amenakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye hadibodi ya Edward Saidi mwenyewe, hakuna mtu wa kumdai mwenye hoteli. Kama amechorwa na kijana aliye hai, basi huyo anayo haki. Ila atajuaje kwamba chui wake amekuzwa akawa mkubwa kuliko mtu na kubandikwa mkabala na lifti? Yeye huenda aliuza picha moja kwa mpita njia, fedha za sukari na nauli, na yule mpita njia alikuwa na simu yenye kamera.

Nilisema nitaigusa Japani. Kijana wetu mmoja aliyesoma huko kwa ufadhili alinionyesha picha za mtaa wa Kabukicho, ulioko Shinjuku katika jiji la Tokyo, mtaa ambao Wajapani wenyewe huutaja wanapotaka kusema usiku. Mwaka 2015 ilifunguliwa pale hoteli ya ghorofa nyingi inayoitwa Gracery, mahali palipokuwa na jumba la maonyesho la Koma lililofungwa mwaka 2008. Kwenye ukingo wa jengo, juu ya barabara yenye baa na taa za rangi, limechomoza kichwa kikubwa cha Godzilla, yule mnyama wa filamu ya mwaka 1954. Watu husimama chini kukipiga picha. Na hakuna asiyejua mnyama yule ni wa nani: ni wa kampuni ya Toho, jengo lenyewe ni la Toho, na filamu huonyeshwa humohumo ndani. Mnyama wa kubuni, asiye na mama wala kijiji, ana jina, ana mwenyewe, na ana mlango wa kukusanyia mapato.

Chui wetu, ambaye mzazi wake alikuwa na mama na kijiji, ameitwa "msanii wa hapa". Hapa wapi?

Wala Wajapani hawawajali wanyama wao peke yao. Simon Mpata, yule ndugu na mwanafunzi wa Tingatinga, alihamia Nairobi na kuchorea huko hadi alipofariki mwaka 1984. Baadaye Wajapani walijenga hoteli ya kitalii juu ya ukingo wa Oloololo, Maasai Mara, wakaiita Mpata Safari Club, kwa jina lake. Sisemi kwamba kuiita hoteli jina la mtu ni kumlipa. Jina halinunui unga, na mimi sijui jamaa zake walipata nini. Nasema tu kwamba mgeni anayelala kule, Mjapani au Mkenya, akiuliza Mpata ni nini, lazima mtu amjibu kwa kutaja mtu. Katika hoteli ya Dar es Salaam, umbali wa bajaji kutoka mahali alipokaa mwalimu wake na vipande vyake vya hadibodi, mgeni akiuliza anajibiwa habari za trekta.

Mwaka 2010 Waingereza walitoa vikatuni vya televisheni vya watoto vilivyotengenezwa Nairobi kwa mkono uleule, vikabeba jina Tinga Tinga. Wajukuu wangu waliviona. Mmoja alifikiri kwamba Tinga Tinga ni nchi wanakoishi wanyama. Nilimwambia kuwa ni kweli, na kwamba anaishi ndani yake. Lakini hilo nalisema pembeni.

Jumapili asubuhi niliomba kuonana na meneja. Alikuja mwenyewe, mtu wa makamo, mstaarabu, akaketi. Nilimwambia mambo matatu: kioo cha bafu, droo ya vizibo, na kibao cha shaba. La kwanza alicheka, akasema wageni wengi wamelalamika. La pili akasema liko nje ya uwezo wake. La tatu akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatoa kalamu, akaniuliza jina linaandikwaje, kama ni neno moja au mawili. Nikamwambia ni moja, na kwamba kabla yake kuna mengine mawili, Edward na Saidi, na kwamba kama hajui picha ile imenakiliwa kutoka kwa mchoraji gani, basi aandike "kwa mkono wa" na jina hilo, na mwaka 1968. Akaandika. Akaniuliza mimi ni jamaa yake. Nikasema hapana, ila tumetoka sehemu moja. "Hapo Songea?" akauliza. Nikamwambia aandike Nakapanya, wilaya ya Tunduru, na kwamba asipopata nafasi kwenye kibao, aache Tunduru abakize Nakapanya.

Kama kibao kimebadilishwa, sijapata habari. Kijana wa mapokezi ana namba yangu.

Kabla ya kupanda basi tulipita Oysterbay, mimi na mjukuu, tukatazama picha katika karakana na vibandani nje yake. Nilipita kwenye simba wengi na machweo mengi. Nje kabisa, chini ya mti, alikaa kijana mmoja ambaye si mwanachama, anachora juu ya hadibodi kama ya zamani, maana turubai limempita bei. Alikuwa amemchora kanga, mmoja tu, juu ya rangi ya buluu, madoa meupe yamejaa mwili mzima, jicho limekodoa. Tulipatana bei baada ya maneno mengi. Mjukuu wangu aliona nimempunja, mimi naona tulikutana katikati. Picha ilikuwa bado haijatiwa jina. Nikamwomba atie, tena mbele, pale kwenye kona.

Akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaniangalia. "Niandike langu, mzee, au niandike Tingatinga? Wengine hupenda Tingatinga."

Nikamwambia aandike lake. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa na majina matatu na kona ilikuwa ndogo. Rangi ya baiskeli haikauki upesi, kwa hiyo mjukuu aliishika ile picha mapajani, uso juu, kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi.

Sasa iko sebuleni, juu ya redio. Mchwa wameanza kuitazama fremu, nami nimeipaka mafuta machafu ya gari.